Sura ya Sita: Sekunde Thelathini

Katibu muhtasi aliinua simu ya mezani, na kitu kikalia: sauti nyembamba, kama mbu aliyefungiwa chupani. Akahamishia simu sikio la kushoto. Mbu akanyamaza.

"Bosi, Inspekta amefika." Akasikiliza. "Yuko peke yake." Akairudisha simu, akauvuta mtandio mbele kidogo. "Anasema umsubiri dakika tano, mama."

"Nimeshasubiri kumi."

"Basi zitakuwa kumi na tano. Hapa tunajumlisha tu, hatutoi."

Hakucheka. Inspekta naye hakucheka. Alikaa kwenye kiti kilichochanika ukingoni, akamtazama yule dada akipanga mafaili tisa ya bluu, kila moja na kalamu yake juu. Ndani ya kila faili mlikuwa na karatasi ileile: kikao cha dharura cha bodi, leo Jumatatu, saa kumi alasiri. Zulia lilikuwa limelika kwa mstari mmoja tu, kutoka meza ya katibu hadi mlango wa Mkurugenzi.

Inspekta alifungua jalada, ingawa alikuwa amelisoma mara nne. Kurasa kumi na moja.

Mlalamikaji alikuwa Mkurugenzi wa Vipindi wa kituo hiki cha redio na televisheni. Mtuhumiwa alikuwa mtangazaji wa kike ambaye nchi nzima ilimwita Saa Mbili, kwa kuwa alikuwa amesoma taarifa ya habari ya saa mbili usiku kwa miaka kumi na sita. Jumatano iliyopita, Saa Mbili alirusha sehemu ya tatu ya makala zake kuhusu wanawake wanaosumbuliwa kingono kazini. Sehemu ya kwanza ilikuwa ya kiwandani, ya pili ya shuleni. Ya tatu ilikuwa ya humu humu ndani. Mwanamke asiye na jina, sauti yake ikiwa imekorogwa kwa mashine asitambulike, alieleza alichofanyiwa na bosi wa vipindi. Kituo kina bosi wa vipindi mmoja.

Alhamisi asubuhi Mkurugenzi alidai kusikilizishwa sauti ya asili, ile isiyokorogwa. Siku hiyohiyo ikafutwa. Ijumaa alikuja polisi na barua: mwanamke huyo hayupo na hajawahi kuwepo, Saa Mbili amejirekodi mwenyewe, ameghushi. Saa Mbili alikataa kumtaja shahidi wake. Bodi ilimsimamisha, ikamtaka Inspekta afike kikaoni na alichonacho. Asipokuwa na shahidi wala sauti, Saa Mbili angefukuzwa kazi saa kumi, na jalada lingekwenda kwa mwendesha mashtaka kesho yake.

Sasa ilikuwa saa nne na nusu asubuhi. Inspekta hakuwa na shahidi wala sauti.

"Ingia, mama," alisema katibu.

Mkurugenzi alikuwa mtu wa miaka hamsini na ushei, shati limenyooka mpaka kifungo cha mwisho, na sauti ya mtu aliyewahi kutangaza mpira.

"Karibu, dada yangu. Chai? Kahawa? Binti yangu hapo nje atakuletea."

"Nieleze ya Alhamisi."

"Alhamisi nilitaka kumsikia anayenitukana. Ni haki yangu. Mtu kavuliwa nguo mbele ya nchi nzima! Nikaambiwa njoo kesho. Kesho nakwenda, hakuna kitu." Akasukuma karatasi mezani. "Hiyo ni nakala ya daftari la mitambo. Nimeitoa kwa mkono wangu."

Ilikuwa nakala ya mstari mmoja. Sehemu nyingine ya ukurasa ilikuwa imefunikwa wakati wa kunakili. *2:10. Faili la mahojiano, sehemu ya tatu, limefutwa. Mtumiaji: Studio 1.*

"Saa mbili na dakika kumi," alisema Mkurugenzi.

"Saa mbili na dakika kumi Alhamisi usiku, Saa Mbili alikuwa hewani. Hata mimi nilimwona."

"Ndiyo maana nasema ana mwenzake. Yule fundi wa chini. Kidole kimoja hakivunji chawa."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Hapa. Mimi ndiye ninayezima taa jengo hili."

"Neno la siri la Studio 1 unalo?"

Tabasamu lilibaki palepale lilipokuwa, lakini mwenye nyumba alikuwa ametoka. "Kila mtu analo. Limebandikwa ukutani."

Inspekta aliandika: *Alikuwepo. Ana njia.* Akapiga mstari chini ya *njia*.

"Yule mwanamke anasema alikuletea karatasi ya matibabu uisaini. Ukamwambia mtaka cha mvunguni sharti ainame. Halafu ukafunga mlango."

"Dada yangu, hiyo ni methali. Tumefundishwa darasa la tatu. Siku hizi methali nazo zinashtakiwa?"

"Methali haina kosa. Inategemea ni mvungu wa nani."

"Huyo mwanamke hayupo." Aliegemea kiti. "Nionyeshe hata kivuli chake, nitaomba radhi kwa magoti."

"Kwa magoti," alisema Inspekta, akaandika.

* * *

Chumba cha mitambo kilikuwa chini ya ardhi, hakina dirisha, kina baridi ya kuhifadhia samaki. Ukutani palibandikwa tangazo: *Marufuku kula humu.* Chini ya tangazo hilo palikuwa na kontena la chakula, na kijiko ndani yake. Fundi alikuwa mzee mwembamba mwenye sweta mbili.

"Wewe ndiye Masikio?"

"Masikio ni jina la kazini, mama. Nyumbani naitwa Hasikii."

"Nataka daftari la mitambo. Sitaki nakala. Lenyewe."

Alilitoa chini ya kompyuta, likiwa na ganda gumu na harufu ya solda ya kuchomelea nyaya. Inspekta hakuutafuta ule mstari. Alianza kusoma Alhamisi kutoka juu, kidole kikishuka taratibu. Polisi wenzake walimwita Kobe. Alijua, na hakuwahi kumkataza mtu.

Mistari miwili chini ya ile 2:10, kidole kilisimama.

"Hapa umeandika: 4:00, kipindi cha watoto kimeanza. Kipindi cha watoto kinaanza saa ngapi?"

"Saa kumi jioni. Tangu mimi kijana."

"Umeandika nne."

"Mashine ndiyo inasema nne."

"Kwa hiyo hii si saa nne usiku."

"Mtoto gani yuko macho saa nne usiku, mama? Labda mwizi."

"Daftari lote hili ni saa za mashine?"

"Mimi nanakili tu. Mashine haijui Kiswahili. Ikisema nne, kwetu ni kumi. Ikisema saba, kwetu ni moja. Ukishazoea husikii tena."

Inspekta alirudisha kidole juu. "Basi hii mbili na kumi si saa mbili na dakika kumi. Ni saa nane na dakika kumi, mchana."

Fundi alichukua kitambaa, akafuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi.

"Mkurugenzi kaandikia polisi saa mbili," alisema Inspekta.

"Alishuka huku Ijumaa. Miaka tisa ya ubosi wake, hiyo ndiyo mara ya kwanza kuuona mlango huu. Akasoma mwenyewe, kwa sauti: saa mbili na dakika kumi! Mimi hakuniuliza."

"Ukamwacha."

"Mtu akisoma vibaya kwenye nyumba ya kusoma habari, fundi anahusika vipi? Tunaye mhariri wa lugha."

"Saa nane mchana, Alhamisi, ulikuwa unafanya nini?"

"Nakula."

Inspekta alitazama kontena, akatazama tangazo, akatazama kiti cha Studio 1, hatua nne kutoka hapo.

"Aliyekaa kwenye kile kiti ulimwona."

"Mimi nikila naangalia sahani."

Hilo Inspekta hakuliandika. Alifuta *Ana njia*, akafuta na mstari wake. Kosa la mtu mmoja la kusoma saa lilikuwa limempa Saa Mbili ulinzi wa nchi nzima iliyomwona hewani, na fundi huyu alikuwa ameuacha ulinzi huo ukae. Sasa haukuwepo.

"Hakuna kilichobaki kabisa?"

"Sauti hakuna. Imefutwa kwenye mashine, imefutwa kwenye akiba. Kinasa chake cha mkononi nacho kimefutwa. Sauti hakuna."

"Umesema sauti mara mbili. Kipi kipo?"

Mzee alijikuna shingo. Alikuwa mtu asiyejua kudanganya, ila alijua kunyamaza, na sasa alikuwa ameulizwa moja kwa moja.

"Ukimya," alisema.

"Ukimya upi?"

"Ukimaliza mahojiano, mama, unamwambia mtu wako: sasa tunyamaze. Nusu dakika. Hamsemi, hamsogei, kinasa kinaendelea. Unarekodi chumba. Kila chumba kina ukimya wake, kama kila nyumba ilivyo na harufu yake. Mimi nikikata kikohozi cha mtu, lile pengo naliziba kwa ukimya wa chumba kilekile. Nikiweka wa chumba kingine, hata kiziwi atajua. Vijana wa siku hizi hawarekodi, wanasema wanachelewa. Saa Mbili hajawahi kuruka. Miaka ishirini na miwili."

"Na wa mahojiano haya uko wapi?"

"Nautenga siku ileile ninayopokea kazi. Aliyefuta hakujua kwamba nautunza." Akavuta kiti. "Fundi hatupi ukimya. Ukimya mzuri haupatikani siku hizi."

Alifungua faili lenye tarehe ya Jumapili ya wiki mbili nyuma, akampa Inspekta hedifoni.

Mwanzo hakusikia kitu. Halafu akasikia mngurumo wa chini, wa mfululizo.

"Pampu ya maji," alisema Masikio. "Ni chumba cha kanda za zamani, upande wa pili wa ukuta huo. Sasa sikiliza matangazo yenyewe." Akabonyeza. Sauti iliyokorogwa, nzito kama ya jitu, ikasema: *nilipeleka karatasi ya matibabu*. "Usisikilize maneno. Sikiliza chini yake."

Pampu ilikuwa pale, ileile.

"Rudi kwenye ukimya. Sasa tafuta pumzi."

Inspekta alifumba macho. Palikuwa na pumzi ndefu, tulivu, ya mtu aliyezoea kipaza sauti. Na palikuwa na nyingine, fupi, inayokatika katikati. Zilipishana. Wakati mmoja ziliingia pamoja.

"Watu wawili," alisema.

"Wawili. Huwezi kughushi hivyo hata ukiwa mchawi."

Kwenye sekunde ya tisa kitu kililia. Sauti nyembamba, kama mbu aliyefungiwa chupani. Ikalia tena kwenye ya ishirini na moja, ikapanda, ikakatika.

"Na hicho?"

"Takataka. Nadhani waya wa kinasa. Kwenye matangazo nilikisafisha kote." Alikunja uso. "Lakini kinasa nimekipima, kizima. Ndiyo maana kinanikera."

"Rudia."

Alirudia.

"Rudia tena."

Mara ya tatu Inspekta alivua hedifoni, akaziweka mezani, akaunyoosha waya wake.

"Ofisi za juu huwa unafika?"

"Mimi? Nikipanda ghorofa ya nne wataniuliza nimekuja kurekebisha nini."

"Niwekee kwenye flashi. Ukimya peke yake."

Alipompa, Inspekta aliitia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo. Daftari la kuandikia vielelezo vya ushahidi lilikuwa ndani ya mkoba wake. Hakulitoa.

* * *

Saa Mbili alikuwa kwenye chumba cha vipodozi, anapanga viatu kwenye boksi la karatasi. Jozi saba, vyote vyeusi. Kioo kilikuwa na taa kumi na mbili, tatu zimeungua. Hakuwa amepaka kitu usoni, na Inspekta alichukua sekunde kumtambua, mpaka alipozungumza.

"Kaa, afande. Hicho kiti ni kizima."

"Viatu vyote hivyo, na watu hawaoni miguu yako."

"Sauti ya mtu aliyevaa kandambili inajulikana."

Inspekta alikaa. "Ulianza wapi kazi hii?"

"Matangazo ya vifo, redioni. Saa saba mchana. Nina miaka kumi na tisa. Jina la marehemu, majina ya wafiwa, mahali pa mazishi. Ukilia hewani, kazi huna. Miaka miwili. Nilijifunza kutolia, sikujifunza namna ya kuanza tena." Alitia karatasi ndani ya kiatu. "Baadaye habari za mahakamani, miaka minne. Halafu kile kiti. Mama yangu bado anawasha televisheni saa mbili. Jana kaniuliza huyo binti aliyekaa kwenye kiti chako ni nani. Nikamwambia ni zamu yake. Akasema, basi mwambie asiegemee."

"Alhamisi saa nane na dakika kumi mchana," alisema Inspekta, "ulikaa kwenye kiti cha Studio 1 ukafuta ushahidi wako mwenyewe."

Kiatu kilisimama hewani kidogo, kisha kikaingia boksini.

"Watu wanasema saa mbili usiku."

"Watu hawajui kusoma daftari."

"Masikio kasema?"

"Masikio alikuwa anaangalia sahani."

Mtangazaji alifunga boksi, akalifungua tena. "Sauti ile ilikuwa na kitu ndani yake. Masikio alikisafisha kwenye matangazo. Lakini ile ya asili, Mkurugenzi angeisikiliza dakika moja tu akamjua, asihitaji hata maneno. Alikuwa ameshaidai. Nilikuwa na saa chache. Nikaifuta."

"Mbu," alisema Inspekta.

Saa Mbili alimtazama kwa mara ya kwanza.

"Kifaa cha sikio, cha kusaidia kusikia," Inspekta aliendelea. "Kinalia kikibanwa. Simu ikikaribia, au mtandio ukigandamiza. Nilikisikia leo asubuhi, kabla sijapewa hata kiti."

Pampu ya maji iliwaka mahali fulani chini ya sakafu, ikazima.

"Unaniambia nini, afande? Kwamba umemjua?"

"Nakuambia Masikio hatupi ukimya. Sekunde thelathini zako zipo. Zina pumzi mbili, na pampu ileile. Nikiziweka kwenye jalada, saa kumi hakuna kughushi, hakuna kesi, unarudi kwenye kiti chako. Lakini kielelezo kikiingia jaladani, mlalamikaji ana haki ya kukisikia."

"Na sekunde ya tisa?"

"Imo."

"Isafisheni."

"Kielelezo kikisafishwa si kielelezo tena. Hapo ndipo utakuwa umeghushi kweli."

"Basi usiweke."

"Utakwenda jela, dada."

"Nilimwambia: nyamaza nusu dakika, halafu hutasema tena maisha yako yote, mengine niachie mimi. Nilimwambia hivyo hivyo." Sauti yake ilikuwa ya kusoma hali ya hewa. "Yule anahitaji sahihi ya yule bwana kila kifaa kikiharibika. Anahitaji kazi. Ana mtoto, ana mama yake. Mimi nina viatu saba."

"Jozi saba."

"Jozi saba."

Inspekta alifunga daftari. "Miaka ishirini na miwili humu ndani. Kwa nini hukusimulia yako mwenyewe?"

"Ningesema nini?"

"Sijui. Nakuuliza."

Saa Mbili alijitazama kwenye kioo, kwenye ile sehemu ya taa tatu zilizoungua.

"Mwaka wa pili alikuwa mtayarishaji wa vipindi, mimi ni wa matangazo ya vifo. Akaniambia kuna nafasi mahakamani, ila mtaka cha mvunguni sharti ainame." Alikohoa kidogo, kama wafanyavyo wasoma habari kabla ya taa nyekundu. "Mimi niliinama, afande. Halafu nikakaa nikisoma habari za watu wengine."

Inspekta alitia kalamu mfukoni. Alisimama.

"Hilo nalo usiliandike," alisema Saa Mbili.

"Kalamu imeshaingia mfukoni."

* * *

Saa tisa na dakika arobaini Inspekta alipita tena kwenye meza ya katibu. Mafaili tisa yalikuwa yamekusanywa kifuani mwake, tayari kwenda ukumbini. Juu yake alikuwa ameweka daftari lake la kumbukumbu za kikao.

"Umepata ulichokuwa unatafuta, mama?"

"Nimepata watu wawili wamenyamaza. Sekunde thelathini."

Mkono wa katibu ulipanda mpaka kwenye mtandio, ukasimama hapo.

"Hawasemi kitu?"

"Hakuna neno hata moja. Lakini mwenye kumjua mmoja wao atamjua."

"Na utawapelekea?"

"Sina ruhusa ya mwenyewe."

"Usipopeleka?"

"Saa kumi na nusu yule mwenzake atakuwa amebeba boksi la viatu."

Mlango wa ndani ulifunguka. Mkurugenzi alitoka akivaa koti. "Binti yangu, mafaili tayari? Inspekta! Umekiona kivuli?"

"Bado naangalia jua liko wapi," alisema Inspekta.

* * *

Wajumbe wa bodi walikuwa saba. Mwenyekiti alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani. Saa Mbili alikaa ncha ya meza, mikono juu ya faili ambalo hakulifungua. Mkurugenzi alikaa karibu na chupa za maji. Katibu alikaa nyuma kidogo, kwenye kiti kidogo, daftari magotini, kama alivyokaa kwenye vikao vyote kwa miaka sita.

Mkurugenzi alizungumza dakika kumi na mbili. Alitumia neno heshima mara nane. Katibu aliandika.

"Wewe una la kusema?" Mwenyekiti alimuuliza Saa Mbili.

"Niliyoyatangaza ni kweli. Shahidi wangu simtaji."

"Inspekta?"

Inspekta alisimama. "Jaladani sina sauti, na sina jina la kuwapa."

"Jaladani," alirudia Mwenyekiti.

"Jaladani, mama."

Mkurugenzi alimimina maji kwenye glasi, akanywa nusu.

"Basi tusipoteze muda," alisema Mwenyekiti. Hakuonekana kufurahi. Alionekana kama mtu mwenye kikao kingine. "Mbele ya bodi hakuna shahidi. Tutapitisha azimio. Katibu, tusomee waliohudhuria, tufunge hicho kipengele."

Katibu alisimama na daftari lake. Alisoma polepole, bila kuinua macho.

"Wajumbe, saba. Mlalamikaji, mmoja. Mtuhumiwa, mmoja. Mgeni, afisa wa polisi, mmoja. Katibu, mmoja." Aligeuza ukurasa, ingawa orodha haikuwa ndefu kiasi hicho. "Shahidi, mmoja."

"Futa hilo la mwisho," alisema Mwenyekiti. "Shahidi hakufika."

"Siwezi kulifuta, mama Mwenyekiti. Kumbukumbu huandikwa kama zilivyo."

"Yuko wapi?"

Ncha ya meza, Saa Mbili alitikisa kichwa, mara moja, polepole: hapana. Katibu alimwona. Aliweka daftari juu ya kiti. Akatoa pini ya mtandio, akaushusha mabegani. Nyuma ya sikio la kulia palikuwa na kitu kidogo cha rangi ya maziwa, kimeunganishwa na mrija mwembamba. Aliinua kiganja, akakiziba.

Kililia. Ukumbi ulikuwa kimya kiasi kwamba hata mjumbe wa mwisho alikisikia, yule aliyekuwa amesinzia.

"Kwenye sauti ya asili kilikuwa kinalia hivi," alisema katibu. "Inspekta anazo sekunde thelathini. Nampa ruhusa."

Glasi ya Mkurugenzi iligusa meza, ikatafuta pa kusimama.

"Binti yangu," alisema.

Katibu alikuwa ameshakaa. Daftari lilikuwa limerudi magotini, kalamu mkononi.

"Hilo nalo niliandike, bosi?"

Hakungoja jibu. Akaandika.

Inspekta alifungua kifungo cha mfuko, akatoa flashi, akaiweka mezani mbele ya Mwenyekiti. Kisha akatoa daftari la vielelezo, na leo kwa mara ya kwanza akalifungua. Kielelezo cha kwanza: ukimya, sekunde thelathini. Mahali kilipopatikana: chumba cha mitambo. Kimetolewa kwa ridhaa ya shahidi, mbele ya bodi. Alitazama saa ya ukutani, akaandika: *saa kumi na dakika ishirini na mbili.* Alisita, kalamu ikiwa juu ya karatasi, kisha akaongeza neno *alasiri*, na mbele yake akaandika *saa zetu*, asije mtu akasoma vibaya tena.